Simu ya kugusa na sanduku letu la kadena tatu

Maneno ya kamati ya kujaribu simu, yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka

Bwana Prezida, wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi wandugu mliotoka Sebele kwa miguu asubuhi hii, na ninyi wa Mboko mliolipa moto ili msikose: jambo yenu wote.

Miezi mitatu iliyopita mlitupa kazi sisi watatu, mtunza feza, sekretere na mama wa kamati ya matanga. Mlisema tujaribu hii simu mpya ya kugusa, kiisha turudi kuwaambia kama inaweza kuchukua fasi ya sanduku. Leo tumerudi. Jibu tunalitanguliza ili mtu asikae hapa akitegea: sanduku libaki. Simu nayo ibaki, lakini kwa kazi ingine. Sasa tutaeleza tulifika namna gani pale. Kuna fasi moja tulikosa vibaya, na hiyo pia tutaisema, juu mama mwenye jambo yuko hapa na ametupa ruhusa.

Tukumbushane kwanza sababu. Sanduku letu ni la chuma, lina kadena tatu, au makufuli kama tulivyozoea kusema kule kambini, na vifunguo viko kwa watu watatu wanaokaa kartie tatu mbali mbali. Desturi hiyo wengi wetu tuliijifunza katika vikundi vya kuweka na kukopa kule Lugufu na Nyarugusu, na tangu chama kianze hatujapoteza hata franka moja. Lakini usiku ule wa masasi, mnaukumbuka, watu wawili walibeba sanduku kwa kupokezana hadi kando ya ziwa, na kila aliyepita aliliona. Sisi wote tunajua kukimbia. Mwaka 1996 tulivuka kwenda Kigoma tukiacha kila kitu kisichobebeka. Kiisha tulirudi, wengine kwa meli za HCR tangu 2005, wengine Lugufu ilipofungwa 2009, na hakuna aliyekuta kabati yake. Njo maana kijana mmoja aliposimama hapa kusema, "Feza ikae mu simu, ukikimbia unaweka mu mfuko tu," mkutano wote ulipiga makofi. Hata sisi tulipiga.

Simu tuliinunua Uvira, dola 95, na kifuniko chake cha mpira dola 3. Jina la kampuni hatulitaji, hawakutulipa tuwatangazie. Risiti iko kwa sekretere, anayetaka aione. Siku ileile tuliandika katika daftari ile namba ya simu yenyewe, siyo namba ya kupiga. Ni tarakimu 15, unazipata ukibonyeza nyota, alama ya reli, sifuri, sita, alama ya reli. Fanyeni vile na simu zenu pia, hata vitochi. Ikiibwa, njo namba ya kuonyesha kwamba ilikuwa yako.

Jaribio la kwanza lilikuwa la vidole, na hapo hatukutegemea shida. Tuliiweka juu ya meza kwa mama wa kamati ya matanga, majirani wakaja. Watoto wa shule waliigusa, ikafunguka kama maji. Mama mmoja akagusa, kimya. Akagusa tena kwa nguvu, kimya. Akagonga kwa ukucha. Kiisha akaisukuma kwa mtoto akasema: "Hii kitu inanikatala. Iko inapenda paka mikono ya batoto ba masomo." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, na sisi tuliona haya.

Tuliuliza fundi wa simu pale soko, akatueleza vizuri. Kioo hiki hakisikii nguvu. Simu za kugusa za zamani zilisikia kusukumwa, hata ukitumia kijiti. Hizi za sasa zinasikia ule umeme mdogo sana unaopita katika ngozi ya mtu. Ukucha haupitishi, kijiti hakipitishi, na kidole kilichokauka na kuwa kigumu kwa jembe kinapitisha kidogo sana. Kikiwa na maji, tena kioo kinachanganyikiwa, kinafungua kitu ambacho hukugusa. Mama zetu wa samaki mmelijua hilo mara moja. Basi dawa tuliyoipata ni hii: kausha mkono kwa kitambaa, halafu tumia upande wa kidole gumba, pale ngozi ingali laini, na gusa polepole bila kusukuma. Yule mama alirudi siku ya pili, akajaribu vile, ikafunguka. Aliifungua na kuifunga mara kumi hivi, hata tukaogopa moto wa betri.

Kwa kuifunga kwa alama ya kidole, hapo tumeshindwa kabisa. Simu iko na fasi ya kuweka alama. Ya sekretere iliingia, yeye anaandika tu. Ya mtunza feza, ambaye anafyatua matofali, haikuingia. Ya mama haikuingia. Mikono ya kazi inafuta alama zake yenyewe. Tukaweka namba.

Jambo la lugha ni dogo lakini linatuhusu. Tuliiweka simu katika Kiswahili, tukifurahi. Kumbe Kiswahili chake ni kile cha ng'ambo. Imeandika "Mipangilio", imeandika "Ghairi". Sisi tuliokaa Tanzania tulisoma bila kusimama, lakini wandugu waliobaki hapa wakati wa vita walituangalia tu. Mmoja akauliza "ghairi" ni mnyama gani. Yeye anajua "annuler", na ana haki, njo neno lililo katika maisha yake. Mnajua namna tunavyochekwa kwa Kiswahili chetu cha kambi tangu turudi. Safari hii ni sisi tuliokuwa tunacheka, na haikuwa vizuri, juu pesa za chama ni za wote, na mtu asiyejua neno la kusimamisha anaweza kutuma wakati alitaka kuacha. Tuliibadilisha ikawa Kifaransa, tukaandika maneno kumi na mawili kwenye karatasi, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiswahili, tukabandika nyuma ya daftari.

Betri: kitochi cha mtunza feza kinakaa siku tano. Hii inakaa siku moja na nusu ikiachwa bila kuchezewa. Kuisharji sokoni ni franka 500. Mega: tulinunua mega 500 jioni, tukalala, asubuhi zimekwisha na hakuna aliyeigusa. Simu yenyewe ilikuwa inajitengeneza usiku, ikivuta programu mpya. Tangu siku ile data inazimwa kila ikimaliza kazi. Tunapita.

Sasa mazuri yake, maana yapo, na tusingependa mseme kamati ilikuwa na roho ya kukatala.

Kati yetu kuna mama ambaye hajui kusoma, mtoto wake wa kwanza alibaki Nyarugusu na wa pili alipelekwa Marekani. Zamani, ili kuwasikia wote wawili, alinunua unite mara mbili, akaongea dakika moja akihesabu, kiisha simu ikakatika. Katika jaribio letu aliweka kidole juu ya alama ya maikrofoni, akaongea Kibembe, akaachilia, na sauti ikaenda. Haikumaliza hata mega moja. Usiku jibu liliingia kutoka Nyarugusu, asubuhi kutoka Marekani. Alisikiliza ile sauti mara ngapi hatujui, lakini betri ilikwisha. Na jambo jingine: wanawe walimjibu maneno ambayo kwenye simu ya kupiga hayakusemwa, juu hakuna aliyekuwa anahesabu dakika. Hapo ndipo alipojua kwamba mkwe wake amekuwa mgonjwa tangu mwaka jana. Siyo habari ya furaha, lakini ni habari yake.

Jambo la pili ni picha za karatasi. Kila mmoja wetu anajua ugonjwa huu. Tulirudi, tukakuta mtu katika shamba, tukaambiwa leta karatasi, na karatasi ilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Watoto wetu walisoma programu ya Congo kule kambini, wakarudi na vyeti, vingine vimelowa ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo tulipiga picha: karatasi za mashamba zilizosainiwa na machefu, vyeti vya shule, karte za elektere, attestation za kuzaliwa. Watu 31 walileta karatasi zao. Picha siyo karatasi, tusidanganyane, mkubwa anaweza kuikatala. Lakini ukiwa na picha unajua nani alisaini, tarehe gani na namba gani, na unaweza kumfuata aliyesaini akuandikie ingine. Bila picha unabaki na mdomo tu.

Hapo napo tulikosa mara ya kwanza. Kijana mmoja wa jirani aliomba simu aangalie matokeo ya mpira, tukampa. Aliangalia mpira, kiisha akaangalia picha. Siku mbili baadaye, mtu anayegombana na mama mmoja wetu juu ya mpaka wa shamba alikuwa anajua majina ya mashahidi wake wote, akawatembelea. Hatusemi aliwafanya nini. Tunasema tu hatukufikiri kwamba simu inayobeba karatasi za watu 31 siyo kitu cha kuazima. Sanduku hakuna mtu anayeliomba aangalie mpira ndani yake.

Sasa tunakuja kwenye feza.

Mlituruhusu kuhamisha michango ya wagonjwa na matanga iende katika simu kwa muda wa jaribio. Laini iliandikishwa kwa jina la mtunza feza, kwa karte yake ya elektere, siyo kwa jina la chama. Tukajiuliza: sanduku lina kadena tatu, simu ina namba moja ya siri. Namna gani namba moja iwe kadena tatu? Tukapata akili tuliyoiona nzuri. Namba ya siri ni tarakimu nne. Mtunza feza ajue mbili za kwanza tu. Mama wa matanga ajue mbili za mwisho tu. Sekretere akae na simu. Hivyo hakuna atakayetoa feza peke yake. Tulifanya vile, na mara mbili ilitembea vizuri sana. Tulilipa sanda ya mzee wetu, tukamsaidia mama aliyejifungua. Tulijisifu, tunakubali.

Kiisha ikaja ile siku ya tatu ya juma, jioni. Mjukuu wa mama mmoja wa chama alikuwa na malaria ya kukosa damu, akianza kukakamaa. Walimbeba hospitali, wakaambiwa inahitajika damu na dawa, na kuna feza ya kuweka kwanza. Bibi akatuma mtu kwa sekretere. Sekretere akakimbia na simu kwa mama wa matanga. Mtunza feza alikuwa shambani, upande wa mlimani, fasi ambapo hakuna rezo, na angelala huko.

Mama wa matanga alikuwa na tarakimu mbili. Mtoto alikuwa anakufa. Je, ninyi mngefanya nini? Walikisia. Walijaribu mwaka wa kuzaliwa wa mtunza feza, haikukubali. Walijaribu nyingine. Mara ya tatu simu ikasema konti imefungwa.

Katika sanduku kulikuwa na franka 40,000 tu, juu vingine vyote tulivihamisha. Hata zile 40,000 hatukuzitoa mara moja, kifunguo cha tatu kilikuwa kwa mtunza feza, na mke wake alikitafuta chini ya godoro hadi akakiona. Mlijua wengi wenu yaliyofuata, juu mlango wenu uligongwa usiku ule. Tulipita nyumba kwa nyumba na tochi. Mvuvi mmoja ambaye si wa chama, hata hakutuuliza jina, alitoa feza ya mafuta ya injini na usiku ule hakwenda ziwani. Saa sita usiku feza ilitosha.

Mtoto yuko hai. Ni yule anayepiga kelele pale nje sasa hivi, mumwache apige.

Lakini bibi yake alikaa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja jioni hadi saa sita, na alituambia baadaye kile alichofikiri: kwamba chama kimemkatala juu mwezi uliopita alichelewa kulipa mchango. Saa tano nzima aliwaza hivyo, mtoto akiwa mikononi. Mama, tulikuomba radhi nyumbani kwako na leo tunaomba mbele ya wote. Haikuwa wewe. Ilikuwa akili yetu ya tarakimu mbili mbili.

Mtunza feza alishuka kesho yake saa sita mchana. Alikwenda kabini, wakamwambia kufungua konti kunahitaji yeye mwenyewe, na karte yake, Uvira. Alikwenda Uvira, alirudi siku ya tatu, konti imefunguka, na tiketi ya njia ilitoka katika mfuko wake. Na ni yeye mwenyewe, siyo sisi wawili, aliyetuambia neno tulilokuwa tunaliogopa. Alisema: "Ningekufa kule mlimani je? Feza yenu ingekuwa ya watoto wangu. Ku kampuni, hii feza ni yangu." Wandugu, hakuna aliyemshuku. Yeye alijishuku kwa niaba yetu, na tuliona hiyo ni kazi ya mtunza feza wa kweli.

Tangu hapo kijana yule aliyetoa wazo alikuja na jibu: basi watu wote watatu wajue namba nzima. Tulilifikiri. Hapo hakuna tena kadena tatu, kuna kadena moja yenye vifunguo vitatu, na hiyo ni kitu kingine kabisa. Feza ikitoka, utauliza nani? Wote watatu watasema siye mimi, na wote wanaweza kuwa wakweli, juu kuna pia hawa wanaopiga simu wakijiita watu wa kampuni na kuomba namba ya siri. Walitupigia mara nne ndani ya miezi mitatu. Mmoja alijua jina la mtunza feza.

Tunayoyaomba basi kwenu ni haya. Feza ya wagonjwa na matanga irudi yote katika sanduku la chuma. Simu ipokee tu michango ya wale walio mbali, wa Marekani, wa Bujumbura, wa Kalemie, na itolewe siku ya juma inayofuata, watu wawili wakiwepo kwenye kabini, na kiasi kisomwe kwa sauti kabla ya kuingia sandukuni. Ikiwa masasi yatarudi, Mungu apishe mbali, hapo feza iingie simu kwa siku hizo tu, na watakaokuwepo watajua kwamba ni hatari dhidi ya hatari. Kifunguo cha tatu kisikae tena kwa mtu anayelala shambani: tunapendekeza kiende kwa mwalimu mkaaji wa hapa karibu, kama atakubali. Simu ikae kwa mama wa matanga, isiazimwe, hata kwa Prezida, samahani Bwana Prezida. Anayetaka sauti ya mtoto wake aje pale alasiri ya juma mosi, atakaa peke yake nyuma ya nyumba na asikilize mara anazotaka. Anayetaka karatasi yake ipigwe picha aje nayo siku hiyohiyo, na atakayeona hataki tena picha yake ibaki, itafutwa mbele ya macho yake.

Na yule mvuvi arudishiwe feza yake ya mafuta leo, kabla ya jambo lolote. Tumemwita, yuko mlangoni.

Kura ni ya mikono. Kabla ya kuinua, simu iko hapa juu ya meza na kitambaa kiko pembeni yake. Tuanze na mama wa Sebele, juu wao njia yao ni ndefu. Kausha mkono kwanza, mama. Upande wa kidole gumba. Polepole.